Stashahada ya Agatha

Kwa miaka ishirini na moja Agatha Nathanaeli alizalisha akina mama katika kituo kimoja cha afya, milimani juu ya Gonja. Mwanamke akishikwa na uchungu, humwulizia yeye kwanza, daktari baadaye. Lakini alikuwa na cheti tu, na hospitali ya chuo kikuu, kila ilipotangaza kazi, ilitaka stashahada. Nayo stashahada ilitaka kemia, somo alilolifeli kidato cha nne.

Alipofika miaka thelathini na tisa alijiandikisha kuurudia mtihani. Ukumbini, kule Same, watahiniwa wenzake walimwamkia shikamoo wakidhani ndiye msimamizi. Alifeli. Mwaka uliofuata akafeli tena. Mara ya tatu alipata D, akaililia ile D kwa furaha. Akaenda chuo. Siku mama yake alipozikwa, yeye alikuwa kwenye mtihani wa mwisho.

Tangazo likatoka: wauguzi wakunga, nafasi kumi na mbili, stashahada, leseni hai. Hakusoma zaidi. Alimchukua Prisca, muuguzi kijana aliyefundishwa kazi naye, wakashuka Same kwenye steshenari ya Isihaka kutuma maombi. Ya Prisca yalipita mara moja.

"Mama, yako mfumo umeyakataa," Isihaka alisema.

"Jaribu tena. Mtandao huo."

"Siyo mtandao. Umesoma umri kwenye namba ya kitambulisho chako. Mwisho ni miaka arobaini na mitano."

"Nimetimiza arobaini na sita mwezi uliopita tu."

Isihaka alimgeuzia kioo cha kompyuta ajionee mwenyewe. Agatha akaipiga namba iliyoandikwa chini ya tangazo. Binti aliyepokea alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sifa zote unazo, mama," alisema. "Ni umri tu."

Prisca aliitwa kwenye usaili. Jioni ile alibisha hodi kwa Agatha.

"Shikamoo, mama. Naomba unielekeze tena jinsi ya kumhudumia mzazi anayevuja damu."

"Marahaba." Agatha alimtazama, akajikuta anamwombea afeli, akaona haya. Akamkaribisha ndani. Kwa siku mbili alimwelekeza kila alichokijua, hata yale yasiyo vitabuni.

Prisca alipata kazi. Siku aliposhuka na mizigo yake, Agatha hakumsindikiza. Wodini walikuwamo wazazi watatu, na muuguzi wa kuziba pengo hakuletwa. Stashahada aliiacha ndani ya bahasha ya chuo, hata kuitia fremu hakutaka.

Mmoja wa wale wazazi, mwanamke wa kijiji cha Maore aliyekuwa akinyonyesha kwa mara ya kwanza, alimwuliza kama atamkuta akirudi na mimba ya pili.

"Utanikuta," Agatha alimjibu, akiendelea kukunja shuka. "Niende wapi?"