Huruma Inayokaa Tumboni

Harufu ya utumbo wa mbuzi unaooshwa hunirudisha Butiama hadi leo, hata nikiwa buchani mjini, mtaa wa Iringo, na haraka zangu. Mwaka ule, wakati wa kuvuna mtama, baba alichinja beberu mwekundu nyuma ya nyumba, nasi wanawe watatu tukamshikia beseni. Baba alikuwa katekista, mtu wa maneno mengi kanisani na machache nyumbani. Kwenye semina padri mmoja mzee alikuwa amewafundisha kitenzi cha Kigiriki cha Injili, na tangu arudi alikuwa akikitafuna kama muwa: splankhnizomai, kuona huruma. Aliinua maini, moyo na figo, bado vinafuka mvuke, akatueleza kuwa neno lile lilizaliwa humo, katika vitu vya ndani vya mnyama wa sadaka.

“Wale watu wa kale huruma walikuwaga nayo humu tumboni, siyo mdomoni,” alisema. “Na Yesu akiisikia humu, hapo hapo anafanya kitu. Anagusa, analisha, anaponya.”

Tulimsikiliza nusu nusu, kwa sababu siku hiyo mama alikuwa anarudi. Alikuwa amekwenda kwao Bunda tangu kupanda pamba, baada ya ugomvi ambao wakubwa hawakutueleza. Kwetu, mke aliyeondoka havuki lango mpaka mumewe atoke, ampokee furushi, atangulie naye ndani. Beberu yule alikuwa wa mapokezi. Nilikuwa na miaka tisa, na kigoda cha mama nilikuwa nimekwishakipangusa.

Mama alifika mchana, akasimama nje ya lango la miiba, furushi kichwani. Baba alimwona. Lakini hakuinuka. Labda aliwaonea haya majirani. Labda aliamini kwamba mkono mtupu haulambwi, nyama itangulie kumsemea. Alijaza sahani maini ya kuchoma, akanipa nipeleke. Katekista mzima akasahau kitu anachokijua kila mtoto wa kwetu: anayepelekewa chakula nje ya lango ni mpita njia.

Mama aliitazama ile sahani, akachukua kipande kimoja, akanilisha mimi.

“Mwambie baba yako mgeni ameshukuru,” akasema.

Baba alipofika langoni, lori la pamba lililokuwa likipita lilikuwa limekwishamchukua mama. Hakumfuata wala hakutuma mtu, na masika yaliyofuata mama alifariki kwao kwa homa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimchukia baba, na nasema hivyo bila kuficha.

Siku hizi utumbo nanunua umeshaoshwa, ndani ya mfuko, na baba anaishi kwangu Kigera, macho yamefifia. Binti yangu hahitaji semina wala padri. Wiki iliyopita alikitafuta kitenzi kile kwenye simu, akamsomea babu yake maana yake kwa dakika moja. Baba akaweka mkono tumboni.

“Siku ile niliisikia, humu humu,” alisema. “Miguu ndiyo ilikataa.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani yake ya ugali. Tangu ahamie kwangu hatujawahi kula pamoja. Chakula chake hupelekwa chumbani. Nilisikia kitu kikinikata tumboni, nikataka kuingia nikae naye. Kisha nikamwita binti yangu, nikampa ile sahani ampelekee.