Dobi Aliyedhani Pasi Inamtibu Moyo

Saa moja asubuhi, maduka ya jirani yakiwa bado yamefungwa, dobi mmoja ananyunyizia maji kola ya shati jeupe. Anaipeleka pasi mbele, anairudisha, anageuza shati. Anapomaliza la pili anafanya jambo ambalo mwaka jana asingelifanya: anaitua pasi, anavuta stuli na kukaa.

"Mashati mawili, napumzika. Mawili tena, napumzika," anasema. "Zamani mtu wa namna hii ningemwita mvivu, tena mbele ya watu."

Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka thelathini ameinamia meza hiyo hiyo. Wateja humwita Mkunjo, maana mkunjo wa suruali ukipita mkononi mwake hauondoki mpaka nguo ifuliwe tena. Kwa siku alikuwa akifua kwa mkono, akikamua na kupiga pasi nguo sitini. Leo anapiga pasi ishirini na tano tu, na beseni la kufulia amemwachia shemeji yake.

Ilianza na mafua ya kawaida. Yalipoisha, zikapita wiki mbili, kisha kifua kikaanza kumchoma kama sindano kila alipovuta pumzi. Akilala chali, maumivu yalizidi. Akiamka na kuinamia meza yake, yalipungua.

Hapo ndipo alipojidanganya. Aliona kwa macho yake kwamba kitanda kinamuumiza na kazi inampa nafuu. Akaamini kuwa mvuke wa pasi unamkanda kifua. Kila maumivu yalipomjia alikimbilia pasi, na mkewe alipomsihi ajilaze kidogo alijibiwa kwa ukali kwamba kujilaza ndiko kunakomuua.

"Nilimfokea mtu aliyekuwa ananitakia uhai," anasema.

Mara ya kwanza zahanati ilimpa dawa za kutuliza uvimbe. Siku ya nne akajiona mzima, zilizobaki akazitupia kabatini. Mwezi haukwisha, ugonjwa ukarudi. Mara ya pili alifanya yale yale, na ukarudi tena.

Mara ya tatu aliokolewa na mteja, muuguzi anayemletea sare zake kila Jumatatu. Siku hiyo muuguzi aliona kwamba dobi anamjibu kwa maneno mawili matatu, na mgongo hauinui mezani.

"Kaka, hebu simama wima unisalimie."

"Salamu ni ya mdomo, dada, si ya mgongo."

"Simama. Halafu vuta pumzi."

Alijaribu, pumzi ikamkwama katikati. Muuguzi akazikusanya sare zake zikiwa na makunyanzi yake yote, akamkusanya na dobi, akaenda naye hospitali anakofanya kazi.

Huko alipimwa mapigo ya moyo, moyo ukatazamwa kwa mashine ya picha, damu ikachukuliwa. Kifua kikuu nacho kilitafutwa, hakikuonekana. Daktari akamweleza kuwa moyo umevikwa mfuko mwembamba, na mfuko huo ndio uliovimba. Kwake yeye, huenda ulichokozwa na virusi vya yale mafua. Kwa wengine chanzo ni kifua kikuu, upasuaji wa moyo, au kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Kuna wengi ambao sababu yao haijulikani kabisa.

Nafuu aliyokuwa akiipata ilitokana na kuinama tu. Mwenye ugonjwa huu akiinama mbele, maumivu hulegea, hata kama hana pasi mkononi. Kazi nzito na dawa zilizoachwa njiani ndizo zilizokuwa zikiuamsha ugonjwa upya.

Akapewa dawa za uvimbe, za kupunguzwa kidogo kidogo, na nyingine ya kunywa miezi sita, ile wanayopewa wenye jongo la miguu, yaani uvimbe wa viungo. Daktari hakumficha: ukija mara ya nne, zitahitajika dawa kali zaidi, na huenda meza ya pasi akaiaga.

"Wenzangu waume zao wana jongo la miguu," mkewe hutania. "Wangu analo la moyo."

Lakini dawa anazitunza yeye. Mwezi wa nne, maumivu yakiwa yamekwisha, dobi alimuuliza mkewe kwa nini aendelee kuzinywa, na mtu amepona.

"Baba watoto, umeshapona mara ngapi wewe? Mara ya kwanza ulipona. Ya pili ulipona. Kunywa."

Akanywa.

Wiki iliyopita alitimiza mwezi wa sita. Picha ya moyo ni safi na damu imetulia. Daktari amemruhusu kuanza kupunguza dawa ya mwisho, na kazi kuiongeza taratibu. Sare za muuguzi anazipiga pasi bure, ingawa kila Jumatatu wanagombana juu ya hilo.

Kwa mkewe ana mpango mwingine. Dada ya mke wake anaishi juu ya kilima nyuma ya mtaa wao, na mwaka mzima mke hajapanda huko, kwa kuogopa kumwacha mgonjwa peke yake.

"Daktari akinipa ruhusa, nampandisha mimi mwenyewe, kwa miguu," anasema dobi. "Nataka dada yake aone kwamba nimemrudishia ndugu yake."

Mkewe, aliyekuwa akikunja mashati pembeni, anainua kichwa.

"Tutapanda," anasema. "Ila mbele natangulia mimi, na nikisimama, unasimama."

"Nimesikia, mama," anajibu dobi.