Vinundu vya Mgunga

Siku yangu ya kwanza kwenye kitalu cha miti, karibu na soko la Kariakoo, nyapara alinipa kopo la mbegu za mgunga na birika la maji yaliyochemka.

"Mwagia," alisema.

Nikasita. Kwetu Kilimanjaro maji ya moto yalikuwa ya kunyonyolea kuku.

"Mchaga, unaona huruma?" Mzee Mwinyi, nyapara wetu, alikuwa Mzaramo asiyepumzisha ulimi. "Ganda lake gumu hilo. Bila moto, utazisubiri mpaka uitwe babu."

Nilikuwa nimechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Mkuu wetu, Bwana Miti, ndiye angeamua kama nabaki au narudi Moshi.

Mwezi wa pili tulihamisha miche kutoka kwenye matuta kwenda kwenye makopo ya bati. Nikaona mizizi ina vinundu, vidogo kama punje za ulezi. Kwetu, mti wa kahawa wenye mafundo mizizini ni mgonjwa. Nikavinyofoa kimoja kimoja, safu nzima, kwa fahari ya tabibu. Kisha nikajaza makopo yangu mchanga mweupe, msafi.

Baada ya majuma machache safu yangu ikawa njano. Za wenzangu zilikuwa kijani.

"Umewafanya nini watoto wa watu?" aliuliza Mzee Mwinyi. Nilipomweleza alicheka. "Kamwambie Bwana Miti mwenyewe. Mimi sina mdomo wa kukusemea."

Bwana Miti hakufoka. Aling'oa mche wa safu nyingine, akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Humu wanaishi viumbe wasioonekana kwa macho," alisema. "Wanachukua naitrojeni hewani, wanaigeuza kuwa chakula cha mti. Mti nao unawapa sukari. Wewe umebomoa jiko."

"Naweza kulijenga upya, Bwana?"

"Jaribu. Lakini siku zako sikuongezei."

Mzee Mwinyi akanipeleka kwenye mgunga mkongwe bondeni Msimbazi. Tukachota udongo wa chini yake wenye viumbe wale, vikapu viwili, tukapita nao sokoni vichwani.

"Mwinyi, siku hizi unauza udongo?" akapiga kelele muuza vitunguu.

"Hamira hii, mama! Tunaumua miti!"

Nikatia konzi moja katika kila kopo. Kila asubuhi nilipiga magoti kutazama. Njano, njano tena. Juma la mwisho la majaribio, katikati ya majani yaliyochoka, likachomoza moja kijani.

Bwana Miti aling'oa mche ule ule, akahesabu vinundu vipya, akanirudishia mkononi. "Upande tena," alisema. "Wewe mwenyewe."

Nilistaafu nikiwa nyapara. Watu walisifu migunga yetu kwa kivuli, kwa kuni, kwa maganda yanayonenepesha mbuzi. Mimi kila mgeni wa kazi nilimpa kwanza kinundu apasue, nikamtazama usoni mpaka auone ule wekundu.