Safari Yangu ya Kufuata Jiwe la Mlima Meru

Mimi Sudi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nilitoka Pangani na mzigo wa chumvi kichwani, na leo mtu akiuliza duka la kaniki na shanga karibu na boma la Arusha ni la nani, hata mbuzi wa sokoni watamwonyesha. Chuoni nilifika juzuu ya pili, akachoka mwalimu, si mimi. Hesabu nilijifunza kwa kuibiwa.

Sasa duka nimeliuza, narudi kwetu. Reli imefika Moshi, basi mtu niliyekuja kwa miguu nitarudi nimekaa. Lakini kabla sijafunga mizigo ikaja barua ya shemeji yangu Kombo: "Mtaa mzima unakungoja. Kwa kuwa umepanda Mlima Meru mara tatu, tuletee jiwe la kileleni. Mahali pa kuliweka tumekwisha tengeneza, barazani kwa baba mkwe."

Hapo pana neno, nanyi mnaosoma msitupe karatasi, someni mpaka mwisho. Mara ya kwanza niliandika kwamba nimepanda kwa sababu karatasi ilibaki na nafasi. Mliposifu sana, ikanibidi nipande tena, na tena. Ukweli ni kwamba miaka kumi mlima ule nimeutazama kila asubuhi nikifungua mlango, na mbali nilikofika ni mto Themi, kuoga. Lakini kuingia Pangani niitwe mwongo mbele ya mkwe, hilo siliwezi. Nikasema nitapanda mara moja, nichukue jiwe. Hizo mara mbili zilizobaki, Mungu atanisitiri.

Jumatatu, jua linachomoza, niliondoka. Nilivaa buti nilizonunua kwa askari mstaafu, kubwa kuliko mguu, nikazijaza pamba. Mkononi mwavuli, begani blanketi, kiunoni birika. Kwenye lango la boma askari wa zamu akanisimamisha.

"Sudi, unakimbia kodi?"

"Kodi nimelipa."

"Basi umetumwa na bwana mkubwa?"

"Sikutumwa na mtu. Nakwenda kupanda mlima."

Akanitazama buti, akanitazama uso. "Hudaiwi kodi, hukutumwa, na unapanda mlima." Akamwita mwenzake. "Njoo umwone huyu kabla hajapona."

Adhuhuri nilifika mto Usa. Njia niliyoishika haina daraja, ni gogo moja tu, limelala juu ya maji. Akina mama wa Kimeru walikuwa wanavuka na mikungu ya ndizi kichwani kana kwamba wako uani kwao. Mmoja akaniambia, "Baba, vua viatu kwanza."

"Viatu hivi ni vya vita, mama," nikamjibu.

Nikapiga hatua tatu. Ya nne sikuipiga mimi, ilipigwa na buti peke yake. Niliposimama ndani ya mto, maji kifuani, mwavuli wangu ulikuwa unakwenda zake chini, umefunguka vizuri, unaelea kama bibi harusi.

"Baba," akasema yule mama kutoka ng'ambo, mkungu haujatikisika kichwani, "vita umeshindwa."

Alasiri nilianza kupanda katikati ya migomba, kwenda kwa Mbise. Huyu Mbise ni Mmeru, alikuwa ananiletea asali dukani. Kiswahili alikipata katika upagazi, na mlima anaujua, maana aliwahi kumbebea Mzungu kiti mpaka juu. Tulikuwa tumepatana aniongoze kwa hela sabini na tano, yaani robo tatu ya rupia. Karibu na kwake njia ina utelezi. Nikateleza, nikashika mmea wa uzio, ukang'oka tawi lenye majani marefu ya kijani. Nikaona si haba, mwavuli sina, walau niingie kwa watu na kitu mkononi. Nikalishika wima kama bendera, nikaingia uani.

Uani walikuwa wameketi wanaume kama kumi, wanazozana. Waliponiona wakanyamaza wote, kisha wakasimama. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hawa wanamjua mtu.

"Bwana Sudi," akasema Mbise polepole, "umeleta sale?"

"Nimeleta."

"Unajua maana yake kwetu?"

"Mbise! Miaka kumi nimekaa nchi hii. Nisichokijua ni kipi?"

Akageuka kwa mzee mmoja mfupi, uso umekunjamana kwa hasira. Huyo aliitwa Mzee Kaaya. Mzinga wake wa nyuki ulikuwa umeangushwa msituni na asali imeliwa, na kwa siku tatu alikuwa anawashtaki majirani mmoja mmoja. Mbise akanieleza: kwa Wameru, mtu aliyekosa huchukua jani la sale, akamwendea aliyemkosea akiwa amelishika hivi hivi nilivyolishika. Ameungama, anaomba radhi. Na anayeletewa hawezi kukataa.

"Kwa hiyo mzinga ni wewe?" akauliza Mbise.

Nikatazama zile nyuso. Nilikuwa na njia mbili: kusema mzinga sikuugusa, au kusema sale silijui. Na ukisema la kwanza, la pili linakuja lenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

Mzee Kaaya alikasirika zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa mwezi mzima, nami nimemharibia. "Aseme tena," akadai. Nikasema tena. Basi akalipokea jani, akatema mate kidogo kunibariki, kifuani pangu, na mambo yakaisha. Nililipa asali, nikanunua mbuzi wa suluhu, nikamchinja mwenyewe kwa bismillahi ili nami nile. Wale majirani walioponea kwangu walinisifu sana. Mmoja akasema hajapata kumwona mgeni muungwana kama mimi, na hapo hakukosea.

Jumanne asubuhi tuliingia msituni. Kwa saa nne upupu uliniwasha mpaka masikioni, na mara mbili nilikaa chini bila kukusudia, mara ya pili katika tope la nyati. Mbise akasimama penye mzinga ulioanguka. Ubao ulikuwa umekwaruzwa kwa kucha ndefu.

"Nyegere," akasema. Akanigeukia. "Bwana Sudi, mbona ulikubali?"

"Kazi iliyonileta ni mlima, Mbise, si mzinga."

"Ungesema hujui tu. Ungekula ndizi zetu bure."

Tulipofika penye miti yenye ndevu za kuvu, nikaketi juu ya mzizi. Nikauliza kilele kiko wapi. Akaonyesha juu, mawinguni. "Kesho jioni, kwa miguu yangu. Kwa yako sijui." Kisha akaokota jiwe jeusi njiani, akanipa. "Chukua. Hata la juu liko hivi. Nani atakwambia silo?"

Nililitia mfukoni. Tukashuka.

Jioni tulipita kwa Mzee Kaaya, Mbise akamweleza habari ya nyegere. Nilidhani atanicheka. Mzee akanishika mkono, akasema neno kwa Kimeru, na Mbise akafasiri: "Anasema mbuzi ameshaliwa, harudi. Ila anauliza, wewe unayeomba radhi kwa usiyoyafanya, uliyoyafanya unayaombeaje?"

Jamani, mimi husikia maneno mengi dukani, na jibu huwa ninalo. Hapo lilikuwa mfukoni. Jiwe nikaliweka juu ya kizingiti chake, nikamwomba tawi la sale. Alilikata mwenyewe.

Jumatano nikarudi Arusha, kwa gogo lile lile, miguu mitupu, buti shingoni. Yule mama nilimkuta tena, safari hii alicheka tu.

Basi Kombo, shemeji yangu, na baba mkwe, shikamoo: ndani ya waraka huu unaonitangulia nimefunga jani refu. Litakuwa limekauka, lakini limebebwa wima mpaka kituoni Moshi. Mlima sikuupanda mara tatu, wala moja. Mkitaka, pale barazani liwekeni hilo, maana mila yake nimewaeleza, na anayeletewa hawezi kukataa. Jani nilipewa bure. Buti, mwavuli, asali, mbuzi na ujira wa Mbise ni rupia kumi na moja na hela ishirini na tano.