Jeep ya Baba na Biblia Iliyoshonwa

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu unayenisoma, ni ile ambayo jeep ya baba iliharibika njiani tukimpeleka mdogo wangu Esta hospitalini Bunia. Sikutaka kuisimulia tena. Mambo mengine mtu huyaweka chini kabisa ya sanduku, akayafunika kwa nguo za kila siku. Lakini wiki hii mjukuu wangu Dieumerci amenifungulia sanduku hilo bila kujua, basi acha niseme ningali na pumzi.

Dieumerci anaoa Jumamosi. Ni kijana mzuri, nakubali, ingawa anapenda mno kujitazama kwenye kioo. Ile jeep kuukuu iliyolala miaka na miaka uani kwetu, hapa mtaa wa Lumumba, ameifufua. Ameipaka rangi ya kijani kama zamani, amezing'arisha taa zake, ameitafutia matairi. Siku hizi vijana wa Bunia wamekinai magari mapya. Anayetaka ndoa yake izungumzwe hutafuta gari la zamani, akalifunga maua mbele, na pikipiki zikamfuata zikipiga honi mpaka Shari, nje ya mji. Sina ugomvi na hilo. Cha kale dhahabu, walisema wahenga. Mimi mwenyewe nilipoisikia injini ikiunguruma tena nilishika ukuta, machozi yakanitoka.

Basi juzi akanikuta jikoni nikichambua maharagwe.

"Koko," akasema, "ile Biblia ya zamani ya baba yako iko wapi? Ninataka niiweke mbele mu jeep, pale karibu na kioo. Itapendeza mu foto."

"Utaisoma?" nikamwuliza.

Akacheka. "Kusoma? Koko, nikitaka kusoma, iko mu telefone. Ile iko ya kupendezesha tu. Vitu ya zamani njo watu wanapendaka sasa."

Nikaendelea kuchambua maharagwe yangu. Hasira ilinipanda, nisikudanganye, kisha ikashuka ikabaki huzuni. Maneno ya namna ile nilishayasikia zamani, tena kinywani mwa baba yangu mzazi.

Baba yangu, Ezekieli, alikuwa mtu wa milimani, upande wa Djugu. Jeep ile aliinunua kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa anafunga duka lake Bunia arudi kwao. Alipakia viazi, maharagwe na jibini za wafugaji, akavishusha sokoni mjini. Kijijini hakukuwa na mtu asiyejua mlio wa jeep yetu, na baba aliiosha mtoni kwa bidii ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuoshwa nayo. Alikuwa pia na neno lake, alilolisema hata kanisani wakati wa ushuhuda: "Hii jeep hainiachaka mu njia." Watu wakaitika amina, kana kwamba wamesomewa andiko.

Biblia alikuwa nayo, aliyopewa alipobatizwa. Wenye magari wa siku zile walikuwa na desturi, na wengine wanayo mpaka leo: Biblia hukaa ndani ya gari ili ililinde. Haisomwi. Kazi yake ni ulinzi. Sasa, vumbi la barabara yetu ni jekundu na huingia hata kwenye meno, kwa hiyo baba aliniomba niishonee Biblia mfuko. Nilikuwa msichana wa sekondari, najivunia sindano yangu. Nikachukua kipande cha plastiki ya maua, ile ya kufunika meza, nikaizungushia Biblia yote na kuishona pande zote kwa uzi wa nailoni, bila kuacha mlango. Hakuna aliyeuliza itafunguliwaje. Baba aliifurahia sana, akaisukuma chini ya kiti chake, akasema sasa safari zote ni salama. Koko Rebeka, mama yake baba, aliitazama tu akaguna. Dini yetu wakati ule, mwanangu, ilikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Esta, mtoto wa mwisho, hata shule hajaanza, alishikwa na homa isiyotaka kushuka, mpaka viganja vyake vikawa vyeupe. Nesi wa zahanati yetu alivitazama akasema huyu anahitaji damu, na damu iko Bunia, mpelekeni leo hii. Tukaondoka asubuhi. Baba alishika usukani, Koko Rebeka akakaa kando yake, mama nyuma na Esta mapajani, na mimi nikimshika mtoto miguu isigongwe.

Kwenye mteremko mmoja, kabla ya bonde, jeep iliingia kwenye tope. Baba akakanyaga mafuta. Kitu kikakatika chini, kwa sauti kama ya mfupa wa ng'ombe ukivunjwa kwa shoka. Injini ilikuwa inaunguruma bado, lakini magurudumu hayakuzunguka tena.

Mama akasema tumbebe mtoto, tutembee.

"Hapana," baba akajibu. "Mungoje kidogo. Hii jeep hainiachaka."

Akaingia uvunguni. Akatoka, akaingia tena. Jua likapanda. Kila mama alipomwita, alijibu maneno yale yale, na kila mara sauti yake ikawa ndogo zaidi. Usimcheke baba yangu, mwanangu. Mtu akishaweka tumaini lake mahali, si rahisi kuliondoa hata mahali hapo pakianza kubomoka. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hukumbatia alichokizoea.

Ndipo Koko Rebeka aliposhuka, akasimama topeni na fimbo yake.

"Ezekieli, toka kule chini. Toa ile Biblia, utusomee."

"Mama, mikono yangu iko na tope, itaichafua. Na ile haiko ya kusoma. Iko ya kulinda motokari."

Koko alimtazama mwanawe. Hakupaza sauti, na ndiyo maana nayasikia maneno yake mpaka leo.

"Motokari imekufa, mwana wangu. Sasa inalinda nini? Weye ulifunga Neno ya Mungu mu plastiki sawa maiti, na mutoto iko anatuponyoka. Fungua. Siye tuko na kiu."

Kisu hatukuwa nacho. Baba aliivuta ile plastiki, haikuachia. Nilikuwa nimeshona vizuri mno. Akanipa mimi. Nikaing'ata mishono yangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, nailoni ikanikata ufizi, mpaka jalada likatokea. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Baba akafungua katikati, zilipo Zaburi, akaitafuta ile ya mchungaji, kwa kuwa ndiyo pekee aliyojua ilipo. Akaanza kusoma kwa kujikwaa, na dole gumba lake likaacha tope kwenye karatasi.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Mchungaji hatuelezwi. Mchungaji hasimami ng'ambo mahali pakavu akapiga mluzi ili wanyama wavuke. Huingia topeni pamoja nao, na ndama akishindwa humbeba. Baba alipofika pale panapotajwa bonde, alinyamaza. Akalitazama bonde lililokuwa mbele yetu. Akaitazama jeep yake. Kisha akaifunga Biblia, akampa Koko, akamchukua Esta mapajani mwa mama na kumlaza begani. Hata funguo hakugeuka kuzichukua.

Tukatembea. Wapo watakaokusimulia habari za namna hii na kuziwekea sukari mwishoni, lakini mimi ni mzee, sukari daktari amenikataza. Esta hakupona. Alifia begani mwa baba kabla hatujaona mabati ya Bunia. Mama ndiye aliyejua kwanza, kwa jinsi mkono mdogo ulivyoning'inia. Je, tungeiacha jeep mapema angeishi? Baba alijiuliza swali hilo mpaka alipoingia kaburini, na mimi bado najiuliza. Inaniuma hata leo ninapoandika.

Baba alisimama katikati ya barabara, amemkumbatia mtoto. Nilidhani atapiga ukelele. Nilidhani atamtukana Mungu, na naamini Mungu angemwelewa. Badala yake akamgeukia Koko, akasema kwa sauti niliyoisikia kwa shida, "Mama, sikumaliza. Unifungulie pale."

Koko akamfungulia, akamshikia kitabu mbele ya macho kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa. Baba akasoma kuanzia alipoachia, penye bonde, mpaka mwisho panapotajwa nyumba ya Bwana. Kila neno lilimtoka kwa taabu. Mama aliketi chini barabarani akalia, tukalia wote, kisha tukainuka, tukaendelea na safari ya kwenda kumzika.

Jeep alirudi kuichukua baadaye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ilitengenezwa, ikatembea tena miaka mingi, mpaka ilipochoka ikaachwa hapa mjini kabla ya vita. Ila lile neno lake hakulisema tena kanisani. Na hebu nikuambie kuhusu jeep hii ambayo Dieumerci anaita ya zamani: injini yake siyo ile ya Mgiriki. Viti si vile. Nyaya, breki, hata milango miwili imetoka kwenye magari mengine yaliyokufa. Kilichobaki ni umbo, na machozi ya sisi wazee tukiliona. Gari la zamani hudumu kwa kubadilishwa kipande kwa kipande, mpaka mwisho unalipenda kwa jina tu.

Zaburi ile sijaibadilisha hata neno moja. Vita vilipopanda milimani tulikimbia, na kijiji chetu leo ni majani matupu. Niliondoka na nguo nilizovaa na Biblia ile kifuani. Nimeisoma kambini chini ya hema la plastiki. Nimeisoma nilipomzika mume wangu. Kila mara nimelikuta bonde mahali pake, na Mchungaji yumo ndani yake. Sisemi kwamba huzuia homa au risasi. Ingekuwa inazuia, ningekuwa na dada. Nasema kwamba siku ile kila tulichokitegemea kilituacha barabarani, nalo Neno likatembea na sisi mpaka kaburini na kutoka kaburini.

Juzi nilipomaliza kumsimulia Dieumerci haya, maharagwe yalikuwa hayajachambuliwa nusu. Nikamletea Biblia, nikamfungulia ukurasa wenyewe. Akaliona lile doa jekundu, akaliwekea dole gumba lake juu.

"Koko, hii ni tope?"

"Ni tope ya siku Esta alikufa."

Habari ya foto haikurudi tena. Akavuta kigoda, akaketi, akasoma Zaburi ile kwa sauti, polepole, naye akajikwaa. Mimi nikageuza uso wangu upande wa mafiga asinione.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia neno langu, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vipende vitu vya zamani. Ving'arishe, vifunge maua, visikilize vikiunguruma, ulie ukitaka. Kumbukumbu ni zawadi. Lakini Neno la Mungu usilihesabu pamoja navyo. Kitu cha kumbukumbu hutunzwa kisichafuke, na Neno likitunzwa hivyo huwa umelishona. Ukilisoma kwenye simu, lisome, mimi simu siionei wivu. Ila lisome sasa, barabara ingali kavu, kwa sababu mtu aliye topeni na mtoto anayekata roho hapaswi kuanza kung'ata mishono.

Jumamosi jeep itapita na maua yake, na mimi nitapiga vigelegele kuliko wote. Biblia haitakuwa mbele kwenye kioo. Nitaiweka mikononi mwa Dieumerci na mkewe, na nitawaombea hivi, nawe ulipo pokea sehemu yako: Mungu awape safari ndefu na watoto wenye viganja vyekundu. Na siku gari litakapowaacha njiani, maana litawaacha, mkute kurasa zimekwisha kufunguka. Ichafueni, wanangu. Vidole vyenu vipate mahali pa kukaa karibu na kidole cha baba yangu.