Fundi Bado na Alama ya Blanketi

Jina lake la kuzaliwa mtaa ulishalisahau. Walimwita Bado, kwa kuwa ndilo jibu walilolizoea wateja wake. Alikuwa fundi rangi wa pikipiki, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, na bila kumung'unya maneno, katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani.

Mafundi wengine wakishapuliza rangi hukabidhi funguo, kwaheri ya kuonana. Kwa Bado ndiyo kwanza kazi inaanza. Rangi mpya, alisema, inang'aa nje lakini ndani ni laini. Siku thelathini isipakwe nta, isifunikwe, isiwekewe begi juu ya tangi. Ioshwe kwa maji matupu, kivulini. Petroli ikidondoka, ifutwe papo hapo. Siku ya thelathini alibandika pua kwenye tangi, akanusa kama mtu anayepima maziwa yaliyolala. Akikuta harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, imekwisha na rangi haina dosari, alichovya brashi nyembamba na kuweka nukta moja ya njano chini ya tangi, mafichoni. Kazi yenye kasoro hakuitia nukta, hata mteja apige magoti.

Basi mwalimu mmoja mstaafu akamletea pikipiki kubwa ya safari ndefu, ipakwe zambarau, chaguo la mkewe. Wawili hao waliahidiana safari miaka thelathini, ikaahirishwa mara kwa ada za watoto, mara kwa paa la nyumba. Sasa mkewe alikuwa anangoja kupasuliwa nyonga mwezi ujao, na daktari alishamwambia kwamba baada ya hapo pikipiki aisahau. Wangeondoka Jumamosi, siku ya kumi na nne ya rangi. Bado alinung'unika weee, mwishowe akakubali, mradi masharti yafuatwe.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, Mwalimu akairudisha pikipiki, amenywea. Mkewe alikuwa nyuma yake, anachechemea. Juu ya tangi nyuzi za kitambaa zilikuwa zimejichapa mstari kwa mstari.

"Mwalimu! Umeifunika!"

"Kulikuwa na baridi, fundi. Nikatoa blanketi letu, lile la harusi. Nikajua ni laini, halitaikwaruza."

"Baridi? Pikipiki inasikia baridi? Maisha yako yote umefundisha watoto kusikiliza, wewe mwenyewe husikii!"

"Nimekosa," alisema Mwalimu, macho chini.

Hasira zilimkaba Bado, na chini ya hasira kulikuwa na uchungu. Kuisugua rangi mbichi ni kuimaliza. Kuipaka upya ni mwezi mwingine, na nyonga haikuwa na mwezi. Kuiachia ilivyo ni kuitembeza aibu yake mji kwa mji, jambo ambalo kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kulifanya.

Mke wa Mwalimu alipitisha kiganja juu ya tangi. "Ni lenyewe kabisa. Hata upindo wake huu hapa!" Akacheka mpaka akajishika kiuno, kisha akaegemea siti kuupumzisha mguu.

Bado alimtazama. "Mama, Jumamosi utaweza kupanda?"

"Jumamosi nitaweza, mwanangu. Baada ya hapo, sijui."

Bado akaingia ndani, akatoka na brashi nyembamba. Mwalimu, ambaye habari za nukta alizijua kama mtaa mzima, akachuchumaa haraka kumshikia taa chini ya tangi.

"Inuka, Mwalimu."

Akaiweka nukta ya njano juu, katikati ya alama ya blanketi, kila mtu aione.

"Tayari," akasema. "Nendeni."