Vipira Sita Vilivyobaki Vizima

Mdogo wangu ni daktari wa meno. Alininyooshea kidole mbele ya mgonjwa kwa kosa lake mwenyewe, na mgonjwa akanipiga ngumi nikapoteza meno mawili ya mbele. Nalisema bila kulizungusha, kwa sababu nyumbani kwetu inasemwa kwamba nilianguka.

Kunyoosha kidole alianza zamani. Akiwa na miaka mitano alivunja kioo cha taa. Baba akashika mkanda, yeye akanionyesha mimi, nikachapwa hadi mgongo ukachanika. Shule sikupelekwa, nilibaki nyumbani kumbeba yeye, kwa mgongo huo huo. Alipokuwa daktari alinichukua nimfanyie usafi kwenye zahanati yake: vyumba viwili, kiti kimoja, beseni la kutemea, na wifi yangu, mkewe, kwenye meza ya mapokezi.

Mwaka juzi akaleta mashine ya ozoni. Alinieleza mwenyewe, siku hizo tulikuwa bado tunacheka pamoja.

"Dada, jino likianza kuoza si lazima litobolewe. Gesi hii unaipuliza juu ya jino, ndani ya kikombe cha mpira, nusu dakika tu. Inaua vijidudu, kisha mashine inaifyonza tena. Ila isivuje. Ikiingia kifuani inachoma."

Harufu yake ilikuwa ya hewa baada ya radi. Waoga wa keekee, ile ya kutobolea meno, wakajaa kwenye benchi.

Vikombe vilivyokuja na mashine vilipokwisha, hakuagiza vingine. Alikata vipira vya kawaida, vile vya chupa za dawa ya matone, kumi na viwili. Nikavichemsha vyote, sufuria moja, siku moja. Sita vikaenda kwenye kiti, sita vikabaki kwenye droo. Wiki haikuisha, vya kwenye kiti vikaanza kupasuka kama visigino visivyopakwa mafuta. Vya droo vilikuwa laini vile vile.

"Gesi yako inakula mpira," nikamwambia. "Hivi si vya kazi hii."

"Dada, udaktari ulisomea wapi?"

Wifi akacheka mpaka akashika meza. Mpira usipobana jino, mashine hugoma, basi mdogo wangu akawa anaziba nyufa kwa mafuta ya mgando ili mashine ikubali.

Ndipo akaja muuza nyama wa bucha la jirani, pande la mtu, mabega kama mlango.

"Daktari, mimi nachinja ng'ombe, lakini sindano naiogopa kuliko mama mkwe," alisema, akakaa.

Nilikuwa nyuma yake napiga deki. Harufu ya radi ikajaa chumba.

"Zima!" nikapiga kelele.

Mdogo wangu hakuzima. Muuza nyama akakohoa, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Akachomoa mrija wa gesi mdomoni, akapiga teke meza, vyuma vikatawanyika sakafuni. Akamkaba mdogo wangu koo na kumbandika ukutani.

"Unataka kuniua?"

Mdogo wangu, miguu ikining'inia, akanyoosha kidole.

"Si mimi! Ni huyu! Kachemsha mipira kaiharibu!"

Mtu anayevunja mifupa kila siku akikupiga ngumi, huisikii mara mbili. Niliangukia beseni. Jino moja nililitema, la pili nililimeza. Damu ikaenea kwenye sakafu niliyotoka kuisafisha, na aliyeisafisha tena ni mimi.

Muuza nyama alipoondoka, bado anakohoa, nikamfuata mdogo wangu chumba cha nyuma.

"Mfuate ukamwambie ukweli."

"Nikimwambia, zahanati inafungwa. Wewe bila meno mawili utaishi."

Akanisukuma, akanibana koo kwa kiwiko. Mkono wangu ukapapasa, ukapata trei ya chuma. Nilimpiga nayo usoni, nyusi ikapasuka mpaka mfupa ukaonekana. Nikampiga tena. Pigo la kwanza silijutii. La pili bado sijaamua.

Kabla ya kutoka nilichukua vile vipira vyote.

Jumapili mama akatuita. Kikao kizima kilikuwa cha nyusi ya daktari.

"Umempasua mwanangu," mama akasema.

"Na mimi ni wa nani, mama?"

Nikamwaga vipira mezani, nikamweleza: vyote kumi na viwili vilichemka pamoja, sita tu ndivyo vilivyoguswa na gesi. Mama akachukua kilichopasuka, akakivuta, kikakatika. Akachukua cha droo, akakivuta, kikarudi. Wifi akatazama viatu vyake.

"Basi dada, yaishe," mdogo wangu akasema. "Nitakuwekea meno mapya, bure."

"Kwa mkono huo? Afadhali niitwe Pengo mpaka nife."

Na ndivyo ninavyoitwa. Nikipita mbele ya bucha, muuza nyama hunipa mgongo, na wateja wake husogeza watoto wao mbali nami. Simdai kitu. Alimpiga aliyeonyeshwa. Ninayemdai ni mdogo wangu: avuke barabara hadi buchani, mchana, foleni ya wateja ikiwa imejaa, akielekeze kidole kile kile kwenye kifua chake na kusema mbele ya wote, "Ni mimi." Meno abaki nayo.